Ukuta Mweupe wa Thie Bane

Halifax, Yorkshire
24 Juni 1937

Kwa Bi. Teare,

Mimi ni yule mtu wa pikipiki aliyeingia uani kwenu Ijumaa bila kubisha hodi. Naomba radhi kwa lango, kwa kabeji za mzee, na zaidi kwa shuka. Nilipofumbua macho kila kitu kilikuwa cheupe na kimya. Nikajisemea, basi, nimefika, huku ndiko peponi, ila sikujua kwamba peponi kunanuka sabuni. Ndipo nikasikia sauti yako: "Toka kwenye nguo zangu, nimezianika sasa hivi!" Nikajua bado nipo duniani.

Ni bega tu, litapona. Lakini nina ombi, na usicheke. Sisi tunaoshindana hatuwezi kusoma vibao njiani. Ukienda maili mia kwa saa unachagua kitu, mti, mlango wa kanisa, nguzo ya simu, unajiambia: hapa ndipo nafunga breki. Kwenye kona yenu alama yangu ni ule ukuta wenu wa chokaa unaotazama barabara. Ukingo wake wa kwanza ukija sawa na bega langu la kulia, nafunga. Nikichelewa kidogo tu, mbele kuna daraja la mawe, na daraja halina shuka za kunidaka.

Mwaka huu ukuta ulikuwa umefifia, wa kijivu kama mvua yenyewe, nami nikauona nimeshachelewa. Mungu alinionyesha lango lenu. Je, nani huupaka? Mwambie, tafadhali, asiuache hata mwaka mmoja.

Wako mwenye aibu,
Wilfred Sugden


Thie Bane, karibu na Sulby
Kisiwa cha Man
2 Julai 1937

Bwana Sugden,

Kabeji zilikuwa kumi na moja. Baba anasema amewahi kuona ng'ombe wenye adabu kukushinda.

Nikuulize: ulipofika kisiwani ulikwenda kule darajani kusini kuwasalimu Wenyewe, wale wadogo wasioonekana? Najua hukwenda. Ninyi wa ng'ambo mnaona ni upuuzi, halafu mnakuja kuangukia kwenye nguo za watu. Huku hatuwataji kwa jina, lakini salamu tunatoa, hata kasisi anatoa kimyakimya. Mwakani usiposalimu, shauri yako.

Kuhusu ukuta, baba ndiye hupaka kila Mei, tangu enzi za babu yake, ndiyo maana nyumba ikaitwa Thie Bane, yaani Nyumba Nyeupe. Mwaka huu mgongo ulimkamata, nami nikasema ngoja wiki ijayo, ngoja wiki ijayo. Kwa hiyo kosa ni langu nusu. Tangu sasa nitapaka mwenyewe. Sikuwa najua kwamba kuna mtu anaishi kwa chokaa yetu.

Shuka ilitoka madoa yote isipokuwa moja la mafuta. Nimeiweka.

Ealish Teare


Douglas
18 Juni 1939

Ealish,

Wa kumi na nne! Usinipe pole, mwaka jana nilikuwa wa ishirini na mbili. Na Wenyewe niliwasalimu, tena nikavua kofia, watu wa basi wakanitazama kama kichaa.

Ukuta ulikuwa mweupe mno. Nikitoka kwenye ile miti, barabara yote ya kijani kama chini ya maji, ghafla unatokea wewe na ukuta wako, na mikono yangu inafunga breki kabla mimi mwenyewe sijafikiri. Mizunguko saba nilikuona mara saba, na mkate wako wa bonnag niliula kwenye meli hadi makombo.

Nina swali nilitaka kukuuliza pale langoni, baba yako akatokea na ndoo. Nitakuuliza mwakani, nikishinda. Mtu wa kumi na nne hawezi kuuliza swali kama hilo.

Wilf


Kambi ya wafungwa wa vita, Ujerumani
9 Februari 1941

Ealish mpenzi,

Niko hai. Nilikuwa napeleka barua za jeshi kwa pikipiki huko Ufaransa, nikakata kona moja nikawakuta Wajerumani wanakunywa supu. Ndiyo mbio fupi kuliko zote nilizowahi kukimbia.

Nikueleze tunavyokaa. Jioni, baada ya kuhesabiwa, nalala chali kitandani nafumba macho, halafu naondoka Douglas, pale mbio zinapoanzia. Nabadili gia, nateremka, napanda, nasema kwa sauti kila kona ninayopita. Emrys, Mwelshi wa machimbo ya makaa, ananishikia saa. Mzunguko mzima, maili thelathini na saba na ushee, nautumia dakika ishirini na sita, sawasawa na kweli. Wenzangu wote kumi na wawili wananisikiliza. Yuko mmoja wa Glasgow, kila tukipita kilabuni Sulby ananiambia, "Simama basi, bwana, tunywe kimoja!" Nami namjibu mbio hazisimami.

Kila jioni nakuja kwenu. Nauona weupe, nafunga, napita. Emrys anasema pale sauti yangu hubadilika, ati mtu angedhani naingia nyumbani. Niandikie kama umepaka. Nisipojua, nitaogopa kuja.

Wilf


Thie Bane
3 Mei 1941

Wilf wangu,

Nimepaka leo, matabaka mawili, chokaa imenirukia mpaka kwenye nyusi. Baba amesimama nyuma yangu akinielekeza kama jemadari, mwisho nikampa brashi, akakumbuka mgongo unamuuma.

Njoo bila hofu. Na mwambie yule wa Glasgow kilabu kimeishiwa bia.

Ealish


Thie Bane
21 Novemba 1942

Wilf,

Barua hii siitumi. Naiandika kwa sababu nisipoiandika nitapasuka.

Jana lori la jeshi liliteleza kwenye kona likagonga ukuta. Ukuta wako. Hakufa mtu, ila sehemu yote ya mbele ya nyumba imeanguka, na leo wameibomoa iliyosalia, wamechukua mawe kutengenezea barabara. Tumebaki na vyumba viwili vya nyuma. Kilichobaki pale mbele ni jiwe moja la msingi. Nimelikalia nusu saa nzima nikilia kama mtoto, na baba, ambaye hajalia tangu mama afe, akaja akakaa karibu nami.

Sasa ukitoka kwenye miti unaona shamba tu, na mbele zaidi, hatua sitini kuelekea daraja, banda letu jeusi la majani ya ng'ombe.

Nikikuambia, jioni utakuja wapi? Naiweka kwenye mkebe wa biskuti.

Ealish


Thie Bane
21 Novemba 1942

Wilf mpenzi,

Kila kitu kiko vilevile. Mvua, upepo, baba na mgongo. Ukuta ni mweupe kama ulivyouacha. Njoo kila jioni, usikose.

Ealish wako


Kambini
12 Machi 1944

Ealish mpenzi,

Usishtuke ukiona mwandiko huu umepinda. Tunavunja mawe siku hizi, kipande kimoja kikaruka kikanigusa karibu na jicho. Kitu kidogo. Daktari ni Mfaransa, mfungwa kama sisi, mikono yake ni myepesi. Nimeshapona.

Nimezunguka tena jana. Emrys anasema nimepoteza sekunde tisa, ati nimezeeka. Ni kweli kona zinakuja kwa namna nyingine sasa, kama picha iliyobandikwa. Lakini kwenu nilifunga breki pale pale. Duniani kote nimebakiwa na sehemu moja ninayoijua ilipo.

Wilf


Halifax
30 Agosti 1945

Ealish,

Nimerudi salama. Pole sana kwa kifo cha mzee, nimesikitika mno. Nilizizoea kelele zake, na kabeji zile sikuwahi kumlipa.

Ningekuja, ila mama hana nguvu na kazi ya gereji ni nyingi. Labda majira ya kuchipua.

Wilf


Thie Bane
14 Septemba 1945

Wilf,

Usijali. Nami nyumba nimeivuruga, natengeneza hapa na pale, singependa uione hivi. Labda majira ya kuchipua.

Ealish


Halifax
2 Machi 1947

Ealish!

Yanarudi! Mashindano ya Juni yanarudi mwaka huu, na tajiri yangu wa gereji ananipa pikipiki. Ya kabla ya vita, kuukuu, lakini injini nimeifungua mwenyewe hadi msumari wa mwisho. Nina miaka thelathini na sita. Nikikosa mwaka huu basi tena, nitafia chini ya magari ya watu nikibadili mafuta.

Nitafika Jumanne, siku mbili kabla ya mazoezi, nije kwako kunywa chai. Nina la kukueleza, na lile swali langu bado ninalo. Umeupaka?

Wilf


Thie Bane
20 Aprili 1947

Wilf,

Chokaa ni ya kutafuta kwa tochi, lakini nimepata ndoo mbili. Nimeshapaka. Utaona weupe ukitoka tu kwenye miti.

Usikose Jumanne. Nami nina la kukueleza.

Ealish


Halifax
23 Mei 1947

Ealish mpenzi,

Mambo yamekwenda kombo. Tajiri haniruhusu kabla ya Jumatano. Nitavuka na meli ya jioni, na Alhamisi alfajiri niko barabarani kwa mazoezi. Pa kulala sijui, ile nyumba ya wageni tuliyozoea kulala haijafunguliwa tangu serikali iichukue. Chai itangoja hadi nimalize.

Kwa hiyo nakueleza hapa, maana nikikuona uso kwa uso nitashindwa. Jicho la kushoto halioni, Ealish. Tangu lile jiwe la kambini. Limebaki jeupe kama la samaki wa kuchemsha, ndiyo sababu sikuja. Kwa daktari wa mashindano nilipita kwa ujanja: nilisimama kwenye foleni nikasikiliza wenzangu wakisoma zile herufi za ukutani, nikazikariri kama ninavyokariri kona. Akanisifu kwa macho makali!

Jicho moja halipimi umbali. Hata kikombe mezani nakikosa. Lakini barabara ile siihitaji kuiona, nimeizunguka mara elfu mbili nimefumba macho. Ninachohitaji ni alama zangu tu. Ukuta wako upo, basi mimi nipo.

Usinikasirikie.

Wilf


Thie Bane
Jumatano, 28 Mei 1947

Wilf,

Barua yako imefika sasa hivi, na posta ya jioni. Sijui utalala nyumba gani Douglas, na ina nyumba za wageni mia. Simu ya hapo kijijini nimeipiga mara tatu kwa watu wa mashindano, haipokelewi. Nakuandikia nikiwa nimesimama, ndoo ya masizi iko miguuni pangu.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia hapa. Ukuta haupo! Uliangushwa na lori miaka minne na nusu iliyopita. Nilichokipaka chokaa ni banda. Banda, Wilf, hatua sitini mbele, karibu na daraja! Nilitaka tu ukitokeza uone weupe, moyo wako utulie, na Jumanne kwenye chai nikuambie yote, ucheke, uchague alama nyingine. Nilijua mwenye macho mawili angetambua mara moja kwamba hili ni banda na liko mbali. Wewe hutatambua. Utangoja weupe uje begani, na ukifika begani daraja litakuwa limeshakufikia.

Uongo wangu peke yake usingeua mtu, na wako vilevile. Tumeukutanisha kwenye kona moja.

Nalipaka banda masizi na lami iliyobaki ya paa. Halafu nitakwenda kusimama kwenye lile jiwe la msingi. Sina ukuta. Nina ile shuka yako yenye doa.

Wenyewe, kama mpo, na salamu zangu zote za miaka yote, mwacheni apite.

E.


Douglas
Alhamisi, 29 Mei 1947

Ealish,

Mbona hukupunga hata mkono? Au aliyesimama pale si wewe?

Nimekaa kwenye kitanda cha kukodi na buti zangu, sijui kama niko macho. Alfajiri ilikuwa na ukungu kuanzia Ballaugh. Nilikuwa nakwenda kama zile jioni za kambini, nikitaja kona moja moja kwa sauti ndani ya kofia, nikasikia hata Emrys akisema sekunde. Miti, kijani, giza. Kisha weupe, pale pale, begani, nikafunga. Nikapita kona kama maji kwenye mfereji, na daraja likanipisha.

Lakini jamani, ukuta ulikuwa unapepea!

Nimewauliza wenzangu. Mmoja ameniambia, "Ukuta gani? Pale kuna shamba na mwanamke anaanika nguo." Nakuja kesho, nisipokuja leo. Niambie kwanza mimi si mwendawazimu.

Wilf


Thie Bane
30 Mei 1947

Wilf,

Huna wazimu. Nakutumia mkebe wote wa biskuti, humo mna barua ambazo sikuzituma, zisome kwa tarehe. Ukimaliza, ukitaka kunitukana, nitukane.

Usije kwanza. Ukija nitakulilia usishindane, nami sitaki kuwa mtu wa kukunyima hilo. Umengoja miaka minane. Jicho ni lako, roho ni yako. Mimi nitasimama kwenye jiwe mizunguko yote saba. Jua liwake, mvua inyeshe, shuka haitashuka. Lakini ujue, kila ukipita mimi nakufa kidogo, halafu nafufuka, halafu nasikia injini nyingine nadhani ni yako.

Ealish


Ofisi ya Mashindano, Douglas
16 Juni 1947

Bwana W. Sugden,

Tunakamilisha kumbukumbu za mbio za wiki iliyopita. Tunaona ulikuwa wa kumi na moja ulipopita Ballaugh kwenye mzunguko wa tano, kisha hukuonekana tena Ramsey. Wasimamizi wetu wanasema pikipiki yako haikuanguka wala haikuvuja mafuta.

Fomu ina nafasi ya kuandika sababu ya mshindani kusimama. Je, ni injini, mnyororo, gurudumu, au nini? Tafadhali tujibu.

Wako mtiifu,
Katibu


Thie Bane, karibu na Sulby
19 Juni 1947

Bwana Katibu,

Nakurudishia leseni yangu humu ndani. Jicho langu la kushoto ni kipofu tangu mwaka 1944, na daktari wenu msimlaumu, nilimdanganya. Aliyenifuata nyuma siku ile alistahili kujua, naye hakujua. Nasikitika, na sitashindana tena.

Pikipiki ilikuwa nzima. Injini sijawahi kuisikia ikiimba vile.

Mtakumbuka mvua ilianza mzunguko wa nne. Kwenye kona ya hapa kwetu kulikuwa na mtu ananishikia alama, shuka ya kitanda. Mzunguko wa tano nilipotoka kwenye miti shuka ilikuwa imelowa, nzito, imeshuka hadi magotini, naye anaipandisha kwa mikono yote miwili. Miaka yote nimekuwa naitazama ile rangi nyeupe. Siku ile kwa mara ya kwanza niliitazama mikono.

Nikafunga breki pale pale pa siku zote, ila safari hii sikuziachia. Nikainua mkono kuwaonya walio nyuma, nikaingia kwenye lango lile lile nililolivunja mwaka 1937, nikazima injini, nikabisha hodi kwenye hewa, maana hakuna mlango. Nikamuuliza swali nililokuwa nimeapa kumuuliza nikishinda. Alinijibu, "Toka kwanza kwenye matope yangu," kisha akanijibu lile lingine.

Ukuta tutaujenga vuli, mawe tumeanza kuokota. Tutaupaka chokaa kila Mei, kwa hiyo waambieni vijana wanaotafuta alama.

Kwenye fomu yenu, penye sababu ya kusimama, naomba muandike: alikuwa amefika.

W. Sugden